Magwova ya Bibi

Walisema sitaweza. Kwanza walisema sitamaliza shule. Nilipomaliza, wakasema sitapata kazi. Nilipopata kazi kwenye kambi ya watalii kule Al Mintirib, ukingoni mwa mchanga, wakasema nitaosha magari mpaka mvi ziniote. Na nilipotangaza kwamba nakwenda Ulaya kusoma, tena si Uingereza wanakokwenda watu wote, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alitua kikombe chake cha kahawa, akanitazama kutoka utosini mpaka kwenye makubadhi, akasema mbele ya kadamnasi: "Kichwa cha kuku hakistahimili kilemba."

Basi njoo leo ofisini kwangu Sur uone. Stashahada yangu ya ufundi wa majokofu iko ukutani, ndani ya fremu ya kioo, na kila anayeingia lazima aipite ndipo akifikie kiti. Samaki wanaoshushwa Ashkhara hulala katika vyumba vya barafu nilivyovifunga kwa mikono yangu. Ningeweza kukwambia kwamba sisemi haya kwa kujisifu, lakini mimi na wewe ni marafiki wa zamani, kwa nini nikudanganye? Ninajisifu. Aliyepanda mlima kwa miguu yake ana haki ya kuhema kwa sauti.

Lakini leo sitaki kukuhadithia barafu. Nataka kukuhadithia neno.

Jumatano iliyopita nilimpeleka mke wangu Ibra, kwenye soko la wanawake. Mimi nikabaki nje ya geti, kama wanaume wote, maana soko lile wauzaji wake ni wanawake na wanunuzi wake ni wanawake, na mwanamume anayejipenyeza hutolewa kwa macho kabla hajatolewa kwa maneno. Nimesimama kivulini, akapita bibi mmoja amebeba kofia zilizopangwa moja juu ya moja kama visahani, zinanukia wanga na pasi ya moto. Harufu ile ikanishika pua na moyo. Bila kujijua nikasema kwa sauti, "Magwova!" Mwenye gari la pembeni akashusha kioo, akaniuliza kwa Kiarabu kama namwita yeye.

Gwova ni kichwa. Kwetu sisi, katika nyumba ile ya Ibra nyuma ya mitende, ambako maji ya falaji, mfereji wa mtaa, yalipita chini ya ukuta yakiimba usiku na mchana, binadamu hakuwa na kichwa. Kichwa kilikuwa cha samaki, kilichotiwa nazi na ndimu. Binadamu alikuwa na gwova. Nilinyonya neno hilo pamoja na maziwa, na mpaka nilipoanza shule sikujua kwamba duniani kuna nyumba nyingine zisizolitumia.

Lililetwa na Bibi. Yeye alizaliwa Kondoa, bara ya Tanganyika, ambako baba yake, Mmanga aliyetoka huku huku mkoani Sharqiyah, alikuwa na duka la nguo, chumvi na mafuta ya taa. Bibi alipohamia Oman na watoto wake hakuja na dhahabu. Alikuja na sindano, na ustadi wa kushona kofia ambao mimi sijauona tena. Wewe unaijua kofia yetu: duara la juu, ukanda wa kuzunguka, na vijitundu vidogo kama mbegu za ufuta, kila kimoja kimezungushiwa uzi mpaka kikakaza. Bibi aliketi barazani baada ya sala ya alfajiri, chai ya tangawizi ubavuni, papa mkavu wa Ashkhara ananing'inia jikoni nyuma yake na harufu yake ya kishujaa, akashona mpaka jua lilipofika kwenye ukucha wa kidole chake kikubwa cha mguu. Hapo aliinuka kwenda kukanda unga. Ile ndiyo saa yetu ya ukutani.

Kazi yangu ilikuwa juu ya dari, paa bapa la nyumba yetu. Kofia ikishafuliwa hutiwa wanga, kisha huvishwa kwenye kitu cha mviringo ili ikauke na umbo lake. Wengine wana vibao maalumu. Bibi alikuwa na makopo. Alikuwa na makopo ya samli, ya maziwa ya unga, ya biskuti, na kila kopo amelizungushia vitambaa mpaka likalingana sawasawa na mteja mmoja. Kopo la samli lilikuwa imamu. Kopo la maziwa lilikuwa mwalimu wetu wa Kiingereza. Bati kubwa la biskuti lilikuwa muuza halwa, ambaye maumbile yake yalikuwa na habari zake. Mimi niliyapanga darini, nikawafukuza mbuzi na kunguru, na kila saa nikayageuza kufuata jua. Ukitazama kutoka chini ungedhani wazee wa mtaa wote wamekaa darini kwetu wakisubiri kahawa. Bibi aliyaita magwova yake. "Teremsha magwova," angeniambia, "imamu usimwinamishe, na muuza halwa mbebe kwa mikono miwili."

Lilitumika kwa kila kitu. "Funika gwova, jua la leo halina huruma." "Leo gwova inanigonga kama kinu." "Mtoto huyu miguu imeshafika dukani, gwova inakuja nyuma na punda." Na lilikuwa na faida yake katika biashara. Kumwambia mzee wa watu kwamba kichwa chake kimezidi ni kutafuta ugomvi. Lakini Bibi aliweza kusema mbele yake, uzi wa kupimia uko mkononi, "Gwova ya babu yetu imezidi kopo, lete vitambaa viwili," na babu akatabasamu akidhani anaombewa dua. Wakati wa kupima, mteja akiinama, Bibi alimgusa kidevu akasema, "Gwova do guri!" Mtu akainua kichwa. Hakuna aliyeuliza ni lugha gani. Mkono wa Bibi ulitosha kutafsiri.

Sisi watoto tuliuliza, na yeye akatuhadithia. Alipokuwa mdogo, karibu na Kondoa walikuja Wazungu. Si Wazungu wa serikali. Walikuwa kina mama na watoto, waume hamna, viatu vimechanika. Walikaa katika vibanda vya udongo vilivyoezekwa majani. Waliteka maji, walipika kwa kuni nje ya mlango, na mbele ya kila kibanda walipanda maua, hata kabla ya kupanda mboga. Mama mmoja kati yao alikuwa fundi wa kudarizi. Alikuja dukani kununua uzi, akamwona Bibi anavyoshika sindano vibaya, akamkalisha chini akamfundisha. Hawakuwa na lugha moja, kwa hiyo walifundishana kwa kugusana: mkono, pua, mkate, maji. Mengine Bibi aliyasahau. Gwova ilibaki, kwa sababu kila alipoinamia kitambaa mno, mama yule alimwinua kidevu. Na siku malori yalipokuja kuwachukua Wazungu wale kwenda asikokujua, Bibi alilia kando ya barabara, na mama yule akateremka kutoka kwenye lori, akamshika kidevu kwa mara ya mwisho: gwova do guri. Hadithi hii niliisikia mara nyingi kuliko hadithi za sungura, na kila mara niliuliza, "Kisha walikwenda wapi?" naye kila mara akajibu, "Mungu ndiye anayejua mji wao."

Sasa nikujulishe kwa jirani. Jirani alizaliwa Unguja mjini, na hakuacha siku ipite bila kukukumbusha. Yeye na Bibi walikuwa marafiki wa kupitishiana bakuli kwenye tundu la ukuta, na walikuwa washindani, kwa sababu naye alishona kofia na mkeka wake sokoni ulipakana na wa Bibi. Kiswahili chake kilikuwa kama shuka iliyopigwa pasi. Ukimwamkia "shikamoo" kwa haraka alikurudisha mlangoni uje tena. Sisi wa bara alituona kama watu tuliobeba lugha kwenye gunia, ikavunjikavunjika njiani. "Mie Kiswahili nimekinyonya," alisema. "Nyie mmekinunua, tena kwa rejareja."

Gwova alilivumilia miaka mingi, kama mtu anavyovumilia jogoo wa jirani. Mambo yaliharibika kwa sababu yangu na bidii yangu. Siku moja darasani mwalimu wa Kiingereza alibandika picha ya mtu ubaoni, akagusa kichwa kwa fimbo, akauliza hii kwa Kizungu ni nini. Wenzangu kimya. Mimi, ambaye tangu utoto sikupenda kushika nafasi ya pili, niliruka juu ya benchi: "Gwova!" Darasa likacheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Mwalimu, mtu mpole, akaniambia kwamba neno hilo si la Kiingereza, wala si la Kifaransa, na yeye lugha hizo mbili anazijua. Nikashikilia kwamba ni Kizungu, Bibi kasema. Akanipigapiga begani. Jioni ile habari ilishatangulia nyumbani, imevaa viatu na kunipita njiani.

Wanawake walikuwa barazani kwetu, kahawa na tende katikati. Jirani ndiye aliyeanza.

"Shoga, mtoto kaaibika skuli kwa neno lako. Hebu tuambie leo tupumzike. Gwova ni lugha ya nani?"

"Ya Wazungu wa kambini," akasema Bibi.

"Waingereza?"

"Si Waingereza."

"Wajerumani basi."

"Hao ukiwataja, mama yule alitema mate."

"Sasa ni Wazungu gani wasio na jina?"

"Mimi nilikuwa mtoto. Jina la kabila lao sikulishika. Nilishika walivyoishi. Walikaa vibanda vya udongo, wakateka maji wenyewe, wakatembea pekupeku."

Jirani akacheka, na kicheko chake kilikuwa na wafuasi. "Mzungu pekupeku! Mzungu na ndoo! Wallahi shoga, mie nimezaliwa mjini, Wazungu nimewaona wa kila namna, na wote walikuwa na boi wa kuwafungulia mlango. Huyo wako wa vibanda umemwota. Hizo ni hadithi za bara, msitu mkubwa, kila kitu kinaota."

"Naapa," akasema Bibi.

"Usiape, utamchosha Mungu bure. Sema tu ulikuwa mdogo, ukabuni."

Bibi akakusanya vikombe, vingine vikiwa bado na kahawa. Wageni walipoondoka aliniita akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kuanzia leo nyumba hii inasema kichwa."

Nawe unajua jinsi mtaa ulivyo. Mtu akishaitwa mwongo kwa jambo moja, hata akisema mchuzi umezidi chumvi, kila mtu atataka kuonja mwenyewe. Wateja wakaanza kuomba wapimwe mara mbili. Mzaha ukaota miguu; watoto wakanipigia kelele njiani, "Gwova pekupeku!" Bibi alipima kimya, akasema "inua" kwa Kiswahili sanifu, na darini nikawa nageuza makopo tu. Kondoa ikanyamaza. Maua mbele ya vibanda, malori, mama mwenye sindano, wote walifungiwa ndani yake, na nilipouliza, "Kisha walikwenda wapi?" alijibu, "Labda hawakuwapo." Hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa anaanza kujitilia shaka mwenyewe. Nikaapa, mimi mwenye kichwa cha kuku, kwamba nitawatafuta wenye neno lao.

Sikulazimika kwenda mbali. Walikuja wenyewe, Jumatano moja ya msimu wa baridi, ile asubuhi tamu ya Ibra ambapo hata mbuzi wanaota jua. Mimi nilikuwa bado naruhusiwa kuingia soko la wanawake, ingawa kina mama walishaanza kunitazama miguu na kukadiria. Bibi ameketi nyuma ya kofia zake, jirani ameketi nyuma ya zake. Akaingia mtalii mmoja mwanamke, mtandio kaufunga kama mtu aliyefungwa bandeji, nyuma yake geti, na nje ya geti mumewe mrefu na dereva wa kambi ya Al Mintirib, wote wawili wamezuiliwa.

Mama yule akaokota kofia ya Bibi, akaitazama ndani na nje kama mtu anayejua uzi, akaonyesha kwa kidole nje aliko mumewe, kisha akatanua viganja hewani: kubwa, kubwa. Bibi akasahau. Mazoea ni mazoea. Akanigeukia akasema haraka, "Mwulize, gwova ya mumewe imezidi hii kwa kiasi gani?"

Jirani akakohoa. Bibi akajiziba mdomo.

Lakini kofia ilikuwa imeshaanguka kutoka mikononi mwa mgeni. "Gwova?" akasema. Akajigusa kichwa chake mwenyewe, juu ya ule mtandio. "Gwova?"

Nakwambia rafiki yangu, hakulisema kama mtu anayerudia neno la kigeni. Alilisema kama mtu aliyeitwa jina lake na sauti asiyoitarajia. Bibi akainua mkono polepole, naye akajigusa kichwa. "Gwova," akasema. Wakatazamana juu ya mkeka wa kofia, na mama yule akaanza kumwaga maneno kama maji ya falaji likifunguliwa.

Hapo soko likasimama. Dereva alijua Kiingereza na Kiarabu, lakini hakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo alishika nondo za geti kama mfungwa akapiga kelele. Mgeni alimpigia yeye kelele kwa Kiingereza, dereva akawapigia kelele wanawake kwa Kiarabu, na wanawake wakatushushia sisi kwa Kiswahili, kila mmoja na chumvi yake.

"Anauliza, huyu mama kajifunza wapi lugha ya kwao? Kwao Poland!"

Kabla Bibi hajafungua mdomo, jirani alikuwa amesimama. Nilimwona mashavu yamemcheza. "Yeye atuambie kwanza sisi!" akapiga kelele kuelekea getini. "Muulize! Kwao palikuwa na Wazungu waliokaa Afrika, vibanda vya udongo, pekupeku? Asifiche!"

Swali likapita geti, likageuzwa, likarudi. Mgeni alisikiliza, akashika kifua. Jibu lake lilikuwa refu. Dereva alisikiliza mpaka mwisho, na alipoanza kutafsiri hakupiga kelele tena, ikabidi wanawake wamsogelee.

"Anasema ndiyo. Wakati wa vita vikubwa watu wao walifukuzwa majumbani, wakapelekwa mbali kwenye baridi. Waliosalimika, kina mama na watoto, wakashukia Iran, wakatawanywa mpaka Afrika. Wengine kwa Waingereza, Tanganyika." Akabadilisha mkono kwenye nondo. "Anasema nyumba ya pili na kwao alikaa bibi mmoja aliyelelewa huko. Alikuwa akipika anaimba kwa lugha isiyojulikana na mtu, akihadithia nchi nyekundu yenye joto. Anasema majirani walikuwa wakimcheka. Walidhani ametunga."

Hakuna aliyecheka. Bibi alikuwa ameshika ncha ya mkeka kwa mikono miwili. "Walifika," akasema. "Kumbe walifika kwao."

Kisha akafuta macho, akachukua uzi wake wa kupimia, akaelekea getini, maana kazi ni kazi na mteja bado hajapimwa. Yule mume alikuwa mrefu kama mnazi na Bibi alimfikia kifuani. Mtu wa watu alikuwa ameinama kwenye nondo, akijaribu kuelewa kwa nini mkewe analia. Bibi akapitisha mkono katikati ya nondo, akamgusa kidevu.

"Gwova do guri!"

Yule bwana akainua kichwa papo hapo, wima, kama mtoto aliyeitwa na mama yake mzazi. Hakufikiri. Kichwa kilikwenda juu kwanza, akili ikafuata nyuma na punda. Ndipo alipogundua ameamriwa kwa lugha yake na bibi wa Kiomani katikati ya Sharqiyah, akabaki vile vile, kidevu juu, machozi na kicheko vinashindana usoni. Soko zima likapiga vigelegele.

Jirani aliinama, akaokota ile kofia iliyoanguka, akaipangusa vumbi kwa kanga yake, akaiweka kwenye mkeka wa Bibi. "Shoga, kofia yako imeanguka," akasema. Ndiyo msamaha alioomba, na Bibi aliupokea wote. Lakini neno lenyewe, gwova, halikupita kinywani mwa jirani siku ile wala miaka iliyofuata. Alikuwa na kiapo chake na Kiswahili.

Nami nilipata fungu langu. Mgeni aliponunua kofia zake, alinishika utosi akasema, "Mondra gwova." Dereva akatafsiri: kichwa chenye akili.

"Ah, hapo kakosea," akasema jirani.

Alichelewa. Nilishasikia. Tangu siku ile nilitembea Ibra kama mtu aliyetunukiwa nishani na dola ya kigeni. Nilipokua nikatafuta kazi kambini Al Mintirib kwa ajili hiyo tu, na kila kundi la Wapolandi lilipokuja mchangani niliwaoshea magari nikiwadai sentensi. Nilijifunza kusema kichwa kinaniuma. Nilijifunza kusema usinizungushe kichwa, yaani usinisumbue. Nilijifunza kwamba mtu mwenye busara wao husema ana kichwa juu ya shingo, kana kwamba kuna wanaokiacha nyumbani. Na mmoja wao ndiye aliyenionyesha chuo cha ufundi katika mji wa bandari huko kwao, akanisaidia kuandika maombi.

Nilijijenga mwenyewe, hilo andika. Ila nguo nilizovaa siku ya safari zilikuwa za watu. Koti zito lilikuwa la muuza halwa, aliyewahi kuishi nchi ya baridi. Mwalimu wa Kiingereza aliniazima kamusi na skafu ya sufu. Imamu aliniazima viatu vya kufunga. Na sanduku, la ngozi, lenye kufuli la shaba, lililotoka Unguja likiwa na kila kitu ilichonusurika nacho familia yake, aliniazima jirani. "Nakuazima," alisema, "ili utakaposhindwa uwe na kitu cha kurudisha." Kila mmoja alimwambia Bibi, usihofu, atarudisha akirudi. Wala hakuna aliyesema hiyo "akirudi" bila kutazama pembeni.

Huko nilishindwa mtihani wa kwanza. Nakwambia wewe tu. Nilikaa jikoni kwa mama mwenye nyumba, theluji dirishani, koti la muuza halwa mabegani, najiona kuku kamili. Yule mama akaniwekea supu, akaniinua kidevu kwa kidole chenye unga: gwova do guri. Hakuwa na kofia ya kunipima. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwao hayo ndiyo maneno ya kumwambia mtu aliyevunjika moyo. Nikampigia Bibi simu usiku ule ule. Akacheka kile kicheko chake cha ndani ya pua. "Kumbe miaka yote hii," akasema, "nimekuwa nikiwapimia watu kofia kwa dua."

Mtihani nilirudia, nikawa wa kwanza. Lakini Bibi hakuusubiri mwisho. Alifariki kabla sijamaliza, na mimi nilirudi na stashahada mkononi kwenye nyumba isiyo na sauti ya sindano.

Juu ya meza nilikuta kofia zimepangwa. Alikuwa amezishona nilipokuwa mbali, moja kwa kila mwanamume aliyeniazima, kila moja na kipande cha uzi chenye kipimo cha mwenyewe. Basi siku ya pili nilivaa kanzu mpya nikazunguka mtaa. Imamu nilimrudishia viatu, vimepakwa rangi, na kofia yake. Mwalimu nilimrudishia kamusi na skafu, na kofia, na katika kamusi nilikuwa nimemwandikia neno moja pembezoni. Muuza halwa alivaa kofia yake mlangoni, ikamkaa bila mkunjo, akalia nayo kichwani. Kila nyumba nilisoma stashahada yangu kwa sauti, hata walioomba nisisome.

Mwisho nikafika kwa jirani, na sanduku. Nilikuwa nimeandaa maneno kwa miaka mingi: kuku, kilemba, yote. Alikuwa amezeeka, ameketi barazani peke yake. Alipima kufuli la shaba kwa kidole, akakagua ngozi, akaitikia kwa kichwa kwamba ni salama. Nikavuta pumzi nianze kujigamba. Ndipo nilipoinua macho nikaona darini kwake, juani, makopo. Samli, maziwa, bati kubwa la biskuti, vitambaa vile vile. Alikuwa ameyahamisha kupitia tundu la ukuta, anashona kofia za wateja wa Bibi ili wasikose.

Leo hata hayo hayapo. Tundu limezibwa kwa saruji, kofia nyingi zinatoka kiwandani zikiwa na wanga wake ndani ya mfuko wa plastiki, na wanangu wanasema kichwa, au wanasema kwa Kiarabu. Lakini siku ile makopo yalikuwa juani, yamepangwa kama Bibi alivyoyapanga, na maneno yangu yote ya miaka mingi yalinikauka. Nikainamisha uso nisionekane.

Jirani akavuta uzi kutoka kwenye mtandio wake. "Wewe hakukushonea," akasema. "Hukumwazima mtu kitu. Sogea nikupime."

Nikapiga magoti mbele yake, macho bado chini. Uzi ukazunguka, mkono wake mkavu ukanigusa kidevu.

"Gwova do guri, mwanangu," akasema mtoto wa Unguja mjini.

Nikainua.